Mchana mnamcheka mama anayesoma, usiku mnampigia simu

Bismillahi Rahmani Rahim.



Leo nimeshika kalamu kujibu. Sikujibu siku ile kwa sababu ilikuwa nyumba ya msiba, na msibani hapabishaniwi. Tulikuwa uani tunachambua mchele wa khitma, kina mama wengi wa mtaa wetu hapa Kampala, mazungumzo yakanifikia. Mmoja akauliza, "Ati bado unasoma?" Nikamwambia bado. "Unasomea nini hasa?" Nikamwambia saikolojia, upande wa ushauri nasaha. Kikaangushwa kicheko. Mmoja akasema, "Mwenzetu atakuwa daktari wa wazimu!" Mwingine akasema, "Binti yuko chuo na mama yuko chuo, mzee anapikiwa na nani?" Na bibi mmoja ninayemheshimu sana akanishika mkono akaniambia kwa upole, "Mwanangu, umri huu ni wa kushika tasbihi, si wa kushika kalamu."

Nilicheka nao, nikaendelea kuchambua mchele. Lakini neno hili halikuwa langu peke yangu. Nimekutana na kina mama wengine, na kina baba pia, waliorudi darasani wakiwa watu wazima kwa elimu hii hii, na kila mmoja amesikia yale yale. Na sote tunajua, kama anavyojua kila mtu mwenye sikio katika jamii yetu, kwamba mchana tunachekwa na usiku simu inalia. Ndoa imevunjika, mtoto hataki kutoka chumbani, mama amejifungua na hataki kumwona mwanawe. Wakati huo hakuna anayeuliza una umri gani.

Basi nitazijibu hoja zao moja baada ya nyingine. Nikikosea mnisahihishe.

NINACHOSOMEA

Wengi wanacheka kitu wasichokijua, kwa hiyo nieleze kwanza. Yuko daktari wa magonjwa ya akili. Huyo amesoma udaktari kwanza, na ndiye anayeandika dawa. Ukimhitaji, Butabika ipo, hospitali yetu ya taifa ya rufaa kwa maradhi hayo, wala si aibu kwenda. Mimi sisomei hilo. Mshauri nasaha aliyesomea saikolojia kazi yake ni kukaa na mtu aliyefiwa, aliyepewa talaka, aliyedhulumiwa utotoni, aliyeshikwa na hofu au pombe, na kumsaidia kwa utaratibu unaojulikana mpaka aweze kusimama tena. Akiona jambo linahitaji dawa, anampeleka kwa daktari.

Njia yenyewe si fupi. Mimi niliishia kidato cha nne, nikaolewa, nikawa fundi cherehani. Hapa Uganda mtu wa namna hiyo ana mlango wake wa kuingia chuo kikuu, ni mtihani maalumu wa watu wazima, na sharti uwe umetimiza miaka 25. Niliufanya mwishoni mwa mwaka 2021, nikiwa na miaka 39. Shahada ya kwanza ni miaka 3. Nimeimaliza, alhamdulillahi, na sasa niko kwenye shahada ya uzamili ambayo ni miaka 2 mingine. Tunasoma jinsi mtoto anavyokua, jinsi huzuni inavyofanya kazi ndani ya mtu, maadili ya kazi, na takwimu, ambazo zilinitoa machozi kuliko vitunguu. Kisha kuna mazoezi. Unakaa na mwenye shida, halafu unakwenda kwa msimamizi wako, unamweleza ulichofanya bila kutaja jina la mtu, naye anakuonyesha ulipokosea. Unarudi tena na tena mpaka makosa yapungue.

Ada ya muhula wa kwanza niliilipa kwa kuuza cherehani moja kati ya mbili nilizokuwa nazo. Nalisema hili ili mjue kwamba hatukwenda chuo kutafuta mahali pa kupumzikia.

HOJA YA KWANZA: UMRI UMEPITA

Bibi yangu aliyenishika mkono nampenda, lakini hapa namkatalia. Ni dini gani hii anayoniambia ina umri wa kalamu na umri wa tasbihi? Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) aliteremshiwa wahyi akiwa na miaka 40, na neno la kwanza aliloamrishwa ni kusoma. Masahaba wake wengi waliingia katika Uislamu wakiwa watu wazima wenye wake na watoto, na wakaanza kujifunza hapo hapo. Imamu Bukhari katika mlango wa elimu alilitaja jambo hili waziwazi, kwamba Masahaba wa Mtume walitafuta elimu baada ya kuwa watu wazima.

Na sisi Mashafii, hatumjui al-Qaffal al-Marwazi? Alikuwa fundi wa kufuli. Alianza kutafuta elimu akiwa na miaka kama 30, umri ambao wenzake walikuwa tayari ni walimu, na akawa miongoni mwa maimamu wakubwa wa madhehebu yetu. Wangemcheka wakamrudisha kwenye kufuli zake, hasara ingekuwa ya nani?

Tena katika kazi hii umri si kizuizi, ni mtaji. Darasani kwetu wako vijana wa miaka 22 wenye akili za kunizidi mimi mara tatu, na wengine watakuwa washauri wazuri sana. Lakini mama wa miaka 50 aliyeolewa mke mwenza atamfungulia nani kifua chake? Mtu aliyezika mtoto atakaa mbele ya nani? Anatafuta uso unaojua. Mwanafunzi mtu mzima anaingia darasani akiwa ameshaoa au kuolewa, ameshauguza, ameshazika, ameshagombana na wakwe na kupatana nao. Chuo kinampa utaratibu wa kuyatumia hayo kwa faida ya mwingine.

Ama kuhusu mzee kupikiwa, mzee anakula. Siku nikiwa na mtihani anapika chai na mayai mwenyewe, na hajafa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akihudumia nyumbani kwake, akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Anayeona aibu kuchemsha maji kwa ajili ya mkewe atuambie anafuata sunna ya nani.

HOJA YA PILI: TUNA MASHEIKH NA WAZEE

Alhamdulillahi, tunao, na hakuna anayetaka kuwaondoa. Lakini tuwe wakweli. Mwanamke anakwenda kwa sheikh kuuliza kama talaka yake imepita. Sheikh anamjibu kwa elimu yake: imepita, eda yako ni hii, haki zako ni hizi. Ametimiza wajibu wake. Kisha mwanamke yule anarudi nyumbani na miezi mitatu halali, hali, anawapiga watoto bila sababu. Hapo swali si la fiqhi tena. Sheikh yule ana darsa, ana ndoa tatu za kufungisha Jumapili, ana madrasa ya watoto mia. Tunamtaka awe kila kitu, akishindwa tunamlaumu. Hiyo ni dhulma juu yake.

Na kuna jambo la pili. Binti aliyeharibiwa na jamaa yake atakaaje peke yake na mwanamume ajnabii, mlango umefungwa, amweleze? Tunafundisha khalwa ni haramu, halafu hatuandai wanawake waliosomea kusikiliza wanawake wenzao. Matokeo yake ni mawili: ama binti ananyamaza, ama anaeleza mbele ya kikao cha wajomba. Hayo yote mawili yanaangamiza.

Utasikia pia, "Mwenye imani hashikwi na huzuni, huo ni udhaifu wa imani." Subhanallah! Nabii Yaqub (a.s.) alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'ani ikatusimulia hayo bila kumtia ila katika imani yake. Alipofariki Bi Khadija (r.a.) na Abu Talib, mwaka ule umeitwa katika sira Mwaka wa Huzuni. Kama manabii walihuzunika, mtoto wako wa chuo anayelia usiku huenda hana upungufu wowote wa imani. Huenda ana mzigo usioujua.

Wengine husema, "Ana jini." Sikatai kuwepo kwa majini, ni katika itikadi yetu. Sikatai kumsomea mgonjwa Qur'ani, ni rehema na ni sunna. Ninachokataa ni kila msichana asiyelala aambiwe ana jini, na kila kijana anayeanguka kifafa azungushwe kwa waganga na kulipishwa mbuzi mpaka mwaka unakwisha, wakati dawa ya kifafa ipo hospitali. Mtume (s.a.w.) aliamrisha tutafute tiba. Msomee mwanao, kisha mpeleke akatibiwe. Mawili hayo hayagombani.

Na hapa kwetu Uganda hatuna udhuru wa kusema jambo hili ni geni. Ukimwi ulipotumaliza, shirika la TASO lilianzishwa mwaka 1987, na ushauri nasaha ukawa sehemu ya kumtunza mgonjwa. Chama cha Madaktari Waislamu wa Uganda kilianza mwaka 1988, na kuanzia mwaka 1992, chini ya uongozi wa Dkt. Magid Kagimu, kiliwafundisha maimamu na wasaidizi wao, wanaume na wanawake, kuingia majumbani na kuzungumza na familia kuhusu ukimwi. Mambo ambayo yalikuwa hayatamkiki msikitini yalitamkwa, na mradi ule ukatolewa mfano na Umoja wa Mataifa. Maimamu wale hawakusema, "Sisi tumesoma dini, tunatosha." Walikaa chini wakafundishwa. Kama mzee mwenye kilemba alikubali kufundishwa kwa ajili ya ukimwi, kwa nini leo tunacheka anayefundishwa kwa ajili ya huzuni?

HOJA YA TATU: HIYO NI ELIMU YA WASIOAMINI

Hoja hii ina ukweli ndani yake na sitaidharau. Ni kweli Freud aliandika kitabu mwaka 1927 akiiita dini ndoto tupu. Ni kweli kuna nadharia tunazosomeshwa ambazo mtu akizimeza bila kutafuna zitamdhuru. Lakini aliyelisema hili kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mwislamu wa Sudani, Profesa Malik Badri, aliyefariki mwaka 2021. Katika kitabu chake cha mwaka 1979 aliwakemea wanasaikolojia Waislamu wanaowafuata Wazungu mpaka ndani ya tundu la kenge, akichukua mfano huo katika Hadithi mashuhuri ya Mtume (s.a.w.). Je, Badri aliikimbia elimu hiyo? Hapana! Aliisoma Beirut na Uingereza mpaka akapata udaktari wa falsafa, akaifanyia kazi, akaifundisha, na akatumia maisha yake kuonyesha kipi kichukuliwe na kipi kiachwe. Huwezi kuchambua mchele ambao hujautia kwenye ungo.

Tena nani kawaambia elimu hii ni ya Wazungu peke yao? Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja. Alieleza kwamba kama vile mwili unavyougua ndivyo nafsi inavyougua, akazungumzia hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, kila moja mlango wake. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila yeye kujua sababu. Alishauri mtu mzima wa afya aweke akiba ya mawazo mema ya kumsaidia siku ya dhiki, kama tunavyoweka dawa ya huduma ya kwanza nyumbani. Hayo yameandikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na Muislamu. Sehemu ya nafsi ya kitabu hicho aliyeitia katika Kiingereza ni huyo huyo Badri. Tulikuwa na mali yetu, tukaiacha sandukuni, sasa tunamcheka anayekwenda kuifungua.

Msimamizi wangu wa mazoezi ni sista Mkatoliki. Sijaona mtu anayelinda siri za watu kama yeye, na Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa aliyonifundisha. Lakini yeye mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba akija Mwislamu, nusu ya saa huisha anaelezwa eda ni nini, mahari inarudi lini, mke wa pili ana siku ngapi, kabla hajafika kwenye uchungu wenyewe. Na wengine hawarudi mara ya pili, kwa sababu wameona wanaitetea dini yao mbele ya mgeni badala ya kulia. Mgonjwa wa moyo asilazimishwe kwanza kuwa mwalimu wa dini.

HOJA YA NNE: USHAURI HAUSOMEWI, NI HEKIMA TU

Hii ndiyo inayosemwa na watu wema, na ndiyo niliyoiamini mimi mwenyewe kwa miaka 18 nikiwa fundi. Mwanamke akija kupimwa nguo anavua shungi, na mengine yanafuata. Nimepima mabega yenye alama za mkanda. Nimesikia mengi nikiwa na pini mdomoni. Nilikuwa nashauri kila siku, na watu walinisifu kwamba nina hekima.

Mwezi wa Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Hapa Uganda zilikaa hivyo, zikifunguliwa kidogo na kufungwa tena, mpaka Januari 2022. Mnakumbuka yaliyowapata mabinti wetu katika kipindi kile. Aliletwa kwangu msichana, gauni lake la Iddi liongezwe kiunoni. Nimebadilisha baadhi ya mambo asijulikane, lakini kilichotokea ndicho hiki. Nilikuwa nimempima miezi michache nyuma. Nilipozungusha tepu nikajua. Nikafunga mlango, nikamuuliza. Akaniambia, na akanitajia mtu, jamaa anayelala nyumba ile ile.

Sasa sikilizeni hekima yangu. Kwanza nilimfokea, nikamuuliza alikuwa wapi na kwa nini hakupiga kelele. Kisha nikamwambia asubiri, amuombe Mwenyezi Mungu, na nikamwahidi kwamba sitamwambia mtu. Jioni ile ile nikamwambia mamake. Usiku nikamwambia wifi yangu, "kwa siri." Haikupita wiki mtaa mzima ulijua. Kikao kikakaa, wanaume watupu. Binti akapelekwa kijijini akaozeshwa kwa mtu mwenye umri wa babake. Yule jamaa hakuulizwa neno. Sijamwona binti yule mpaka leo. Gauni lake lilibaki kwangu, halikuja kuchukuliwa.

Ndugu zangu, mimi sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na nia njema na ujinga, na vilipokutana viliangamiza mtoto wa watu. Nilipofika chuo, katika somo la maadili ya kazi, nilijifunza mambo ambayo yangenichukua siku chache tu kuyajua kama kungekuwa na wa kunifundisha: usimwahidi mtoto siri ambayo hutaweza kuitunza. Mwamini kwanza. Usimuulize swali linalomtia hatiani. Jua kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa sheria ya Uganda na kwamba jambo lile ni kosa la jinai. Hakikisha yuko salama na aliyemdhuru kabla hujaita kikao chochote. Mpeleke kwa daktari. Mjue afisa wa ustawi wa jamii wa eneo lako. Andika alichosema kwa maneno yake, ufunge kabati. Na usimwambie wifi yako.

Basi msiniambie haisomewi! Kushona pia mnaweza kusema ni kipaji tu, lakini hakuna anayempa mwenye kipaji kitambaa cha harusi kabla hajajifunza kukata. Kitambaa kikiharibika kinanunuliwa kingine.

Na onyo hili linawahusu pia wale waliohudhuria semina ya wiki moja, wakapewa cheti, wakabandika kibao cha "mshauri nasaha." Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 2014 inayotaka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe. Nyinyi wazazi, popote mlipo, kabla hamjampeleka mtoto kwa mtu yeyote muulizeni: umesoma wapi, kwa muda gani, na msimamizi wako ni nani? Akikasirika kwa maswali hayo, ondokeni. Nami niulizeni hivyo hivyo.

FARDHI HII IKO JUU YA NANI?

Imamu Ghazali, zaidi ya miaka 900 iliyopita, alilalamika katika kitabu chake cha Ihya kwamba iko miji isiyo na tabibu hata mmoja Mwislamu, ilhali watu wamesongamana kwenye fiqhi na mijadala yake. Alikuwa akieleza fardhi ya kutosheleza, kwamba udaktari ni katika fardhi hizo, na mji ukikosa mtu wa kuisimamia basi wote wamepata dhambi. Hakuidharau fiqhi, yeye mwenyewe alikuwa imamu wake. Aliwauliza watu wa zama zake kwa nini wanakimbilia fardhi moja iliyokwisha kupata wenyewe na kuiacha nyingine tupu.

Mimi nauliza swali lake leo. Tunachanga kwa ajili ya zulia la msikiti, na ni kheri. Tunachanga nauli ya kijana anayekwenda Madina kusoma sharia, na ni kheri kubwa. Mara ya mwisho tulichanga lini kwa ajili ya mtu anayesomea kutibu nafsi za watoto wetu? Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hicho ni miongoni mwa visababishi vikubwa vitatu vya vifo. Sisi tunadhani wote hao ni watoto wa wengine. Inapotokea kwetu tunanong'ona, tunazika haraka, tunasema ilikuwa malaria.

Kwa hiyo naomba haya, na si makubwa:

1. Waume na watoto wa mama anayesoma: mpeni saa mbili za usiku bila kumwita. Hiyo ni sadaka pia.

2. Kamati za misikiti: tengeni chumba kimoja chenye mlango, viti viwili na kabati lenye kufuli. Na katika orodha yenu ya kusaidia ada, wekeni angalau mwanafunzi mmoja wa elimu hii, mwanamke, hata kama ana miaka 45.

3. Masheikh wetu: hamuhitaji kuwa wanasaikolojia. Mjue tu jina la mtu mmoja mnayemwamini, ili mkimaliza kujibu swali la fiqhi mumwambie yule mama, "Nenda pia kwa fulani."

4. Vijana wa kike na wa kiume: Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo Mbale tangu mwaka 1988, Makerere ipo tangu 1922, na vyuo vingine vimejaa. Msingoje mfike umri wangu.

5. Na sisi tunaosoma: tufunge midomo. Siku Waislamu wa mji huu watakapomsikia mshauri Mwislamu akisimulia shida ya mtu kwenye harusi, kazi yetu imekwisha na haitafufuka.

Nakwambia wewe, bibi yangu uliyenishika mkono: tasbihi ninayo, iko ndani ya begi pamoja na madaftari. Ukinihitaji usiku nipigie, nitapokea. Na mchana ukinikuta nakimbilia gari la kwenda chuo, niombee dua badala ya kunisikitikia.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, amhifadhi binti yule popote alipo, anisamehe mimi, na atujaalie katika jamii yetu watu wa kusikiliza kabla ya kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yenu katika imani, Kampala